Orodha ya Chungu cha Mama

Kaka yangu hataki niandike habari hii, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuiandika. Anasema kifua kikuu si jambo la kuanika hadharani. Mimi nasema kwetu tumeshaanika mambo mabaya zaidi ya hayo, tena bila faida ya mtu yeyote. Mama yangu aliugua TB, akameza dawa miezi sita, akapona. Hapo hakuna cha kuficha. Kama kuna cha kufichwa, basi ni changu mimi, na ndicho ninachokuja kukisimulia.

Sisi ni Warangi wa milima ya Kondoa, ingawa miaka niliyoishi Dodoma mjini sasa imezidi ile niliyoishi kwetu. Nyumba ya mama iko mtaa wa Kikuyu, hapo hapo Dodoma. Anakaa nyumba ya mbele na mdogo wake, ambaye kwangu ni mama mdogo. Mimi, mume wangu na binti yetu tunakaa nyumba ndogo ya uani, hatua chache tu kutoka mlango wa mama wa nyuma. Mume wangu ni dereva wa lori, wiki nyingi hayupo, na katika habari hii pia hayupo. Mama ana jiko lake, mimi nina langu. Hilo la majiko mawili msomaji alishike, kwa sababu ndipo nilipokosea.

Nilipomaliza kidato cha nne, ulikuwa mwaka ambao mvua ziligoma kabisa. Mtama ulikauka ukiwa magotini, na mahindi ya msaada yakaletwa kijijini kwetu. Uongozi wa kijiji ukanipa kazi ya kuandika orodha kwa kuwa mwandiko wangu ulisomeka. Sheria ilikuwa moja: mtu anaandikwa kwenye chungu anachokulia, basi. Tatizo lilikuwa watoto. Kwetu mjukuu akishaacha ziwa huhamia kulala kwa bibi yake, kwa hiyo kila mtoto ana mlango wa kula na mlango wa kulala. Mama mtu anamwandikisha kwake, bibi naye anamwandikisha kwake, na mtoto mmoja anakula mgao wa wawili wakati jirani anarudi na gunia tupu. Nilikuwa nawakata. Nilipita na peni nyekundu nikafuta kila mtoto aliyeandikwa kwa bibi. Kuna bibi mmoja aliniambia mbele ya watu kwamba nina roho mbaya na sitaolewa. Nikamwambia nitaolewa na mahindi yatatosha. Yakatosha, na mpaka leo sioni haya kujisifu kwa kazi ile.

Sasa mama. Alianza kukohoa mvua zilipokatika. Huwa anapeta na kuchambua karanga za kuuza, akasingizia vumbi. Tukamchemshia tangawizi, akajifukiza, akalamba asali, na kikohozi hakikushtuka. Akakonda mpaka gauni likawa linamning'inia. Mwezi wa sita nikamwambia nimechoka kusikiliza vumbi likikohoa, nikampeleka zahanati. Makohozi yakapimwa, ikaonekana TB.

Tabibu alikuwa kijana mwenye adabu. Alimwamkia mama vizuri, akamweleza ugonjwa wake pole pole bila kumtisha, na madirisha ya chumba chake aliyaacha wazi ingawa upepo ulikuwa unapeperusha karatasi mezani. Alipomaliza kuhusu dawa akafungua daftari jingine.

"Nyumbani kwa mama wanaishi watu gani?"

Mama alifumbua mdomo. Mimi nikamuwahi.

"Wawili. Yeye na mdogo wake."

"Watoto hakuna?"

"Watoto ni wa kwangu huko uani. Kwake hawali."

Mama akanigeukia. Nikadhani anataka kukohoa, nikampa leso. Tabibu akaandika wawili, na mimi nikajisikia vizuri, kama mtu aliyejibu mtihani bila kubahatisha. Hakuna mtu angeweza kuniambia kwamba nimedanganya. Nilihesabu kama nilivyofundishwa kuhesabu, kwa chungu.

Mama mdogo aliitwa, akapigwa picha ya kifua, akaonekana hana ugonjwa. Nilitarajia apewe dawa ya kuzuia, ile wanayoita tiba kinga. Hakupewa. Alishaugua ini zamani, na tabibu akasema dawa ile inaweza kulielemea ini lake, afadhali awe anafuatiliwa kila baada ya muda. Nikaona kumbe si dawa ya kugawa kama pipi. Kuna anayestahili kupewa na kuna anayestahili kuachwa, na mtu mmoja ameketi mezani akiamua. Wakati ule hilo halikunisumbua, maana nilidhani orodha yetu imeshafungwa.

Mwezi wa saba Dodoma ina ubaridi ambao watu wa pwani hawauamini. Asubuhi moja nilikuwa nakoroga uji, mlango wazi, nikamwona binti yangu anavuka uani amejifunika blanketi kichwani. Ana miaka sita. Alikuwa anatoka kwa bibi yake kuja kunywa uji, kama anavyotoka kila siku tangu alipoacha ziwa. Nimemwona akivuka hivyo mamia ya mara. Asubuhi ile niliacha kukoroga.

Analala na mama kitanda kimoja. Dirisha la chumba kile mama alikuwa amelisokomeza gunia ili upepo usipenye. Binti yangu hapati usingizi mpaka ashike sikio la bibi, kwa hiyo hulala uso kwa uso, na mama alikuwa amekohoa usoni pake tangu mvua zilipokatika. Alikuwa akipumua kule usiku kucha, halafu anavuka uani kuja kuhesabiwa kwangu. Na mimi, niliyewafuta watoto wa watu kwa peni nyekundu, nilimfuta wa kwangu kwa mdomo.

Niliogopa. Na mimi nikiogopa hukasirika. Nilimvalisha mtoto sare, nikampeleka shule, nikaenda zahanati hata kilemba sijafunga sawasawa.

Tabibu alinisikiliza. Akauliza kama mtoto anakohoa, ana homa, anatoka jasho akilala, amepungua. Nikasema hapana kwa yote. Akanieleza kwamba wadudu wa TB wanaweza kuingia mwilini wakalala. Mwenye nao si mgonjwa, hamwambukizi mtu, anacheza na kula kama wenzake, ila siku mwili ukilegea wanaweza kuamka. Tiba kinga ni ya kuwamaliza wakiwa bado wamelala.

"Na utajuaje kama wamo?"

"Kipimo cha kuonyesha waliolala hapa hatuna. Tunaangalia nani yuko hatarini zaidi. Dawa zilizopo kwa sasa tunaanza na watoto chini ya miaka mitano wa kaya ya mgonjwa, na watu wenye kinga dhaifu. Mwanao ameshapita umri huo, mama. Na wewe mwenyewe ulisema si wa kaya ile."

"Nilisema kijinga."

"Hukusema kijinga. Ndivyo fomu inavyouliza."

"Basi fomu ina ujinga kama wangu," nikamwambia. "Daktari, hewa haimuulizi mtu anakula wapi. Uliniuliza nani anaishi kwa mama, nikakujibu nani anakula kwa mama. Sasa niulize nani anapumua kwa mama."

Akatazama saa. Nje palikuwa na foleni. Nikamwambia foleni naiona na ina haki yake, lakini kwenye kiti kile siondoki mpaka aniulize. Sikupandisha sauti. Ninayo sauti ya kupandisha, ila siku ile sikuihitaji.

Akaweka peni chini. Halafu akauliza, na kwa hilo namheshimu mpaka leo, maana angeweza kuniita mkorofi na kumwita mwenye zamu anitoe. Chumba kina ukubwa gani? Dirisha linafunguliwa? Kitanda kimoja au viwili? Kila siku au siku moja moja? Kwa muda gani? Nikamjibu yote, hata la gunia dirishani, ambalo lilinitia aibu.

"Kila siku, kitanda kimoja, tangu mvua zikatike," akarudia. "Huyu amekuwa karibu na mgonjwa kuliko hata mama yako mdogo."

Akatoka kwenda kuzungumza na mkubwa wake kwa simu. Aliporudi akasema nimlete mtoto, apigwe picha ya kifua kwanza. Akionekana mzima, atapewa kinga. Akionekana mgonjwa, basi anahitaji matibabu kamili, kwa sababu kumpa mgonjwa dawa ya kinga peke yake ni kumharibia. Nilitoka pale nikiwa nimejifunza jambo moja: mahali ambapo hakuna kipimo, swali ndilo kipimo. Likiulizwa vibaya, majibu yote yanatoka vibaya, hata kama kila mtu amesema kweli.

Kaka alikuja Jumamosi hiyo kutoka Kibaigwa, ambako ni dalali wa mahindi. Alileta gunia la unga na hasira. Tulikaa sebuleni kwa mama.

"Mtoto mzima, anaruka kamba, unataka kumnywesha dawa za wagonjwa," akasema. "Shule wakijua, nani atakaa naye dawati moja? Na mimi Kibaigwa wakisikia kwetu kuna TB, nani atakaa na mimi tule?"

"Wewe utakula peke yako, utanenepa."

"Sitanii."

"Hata mimi sitanii. Mtoto ni wangu. Wewe bei ya mahindi utaijua huko sokoni, lakini kifua cha mwanangu hukijui."

Mama alikuwa amekaa pembeni, amejifunga shuka. Ndipo akasema, bila kututazama, "Kwa hiyo mimi ndiye niliyemtilia mtoto sumu."

Hilo lilinichoma kuliko yote ya kaka. Huyu ndiye aliyembeba binti yangu nikiwa kazini, aliyemfundisha kusali, aliyemkuna mgongo mpaka alale. Nikamwambia hakuna aliyetaja sumu. Nikamwambia alimlaza mjukuu wake na kumfunika kama bibi yeyote wa kwetu, na ugonjwa hakuutafuta, naye alipewa na mtu asiyemjua. Nilisema kwa upole wote nilionao, ambao si mwingi. Akageuzia uso ukutani. Siku zilizofuata aliongea na mimi mambo ya chumvi na maji tu.

Picha ya binti yangu ilitoka safi. Jumatatu tukarudi zahanati, mimi na yeye, kuchukua dawa. Tabibu alimpima uzito, kisha akafanya jambo ambalo nadhani alilipata kwangu. Hakuniuliza mimi. Aliinama akamuuliza mtoto.

"Chumbani kwa bibi mnalala wangapi?"

"Mimi na bibi."

"Na mchana?"

"Mchana bibi analala na mtoto."

"Mtoto gani?"

"Wa chumba cha nyuma."

Tabibu akanitazama. Ikabidi nieleze. Chumba cha nyuma cha nyumba ya mama kina mpangaji, mwanamke wa vijijini anayefanya kazi kwenye mashamba ya zabibu Makutupora. Gari la vibarua linampitia barabarani alfajiri. Ana mtoto wa mwaka mmoja hivi, anayejifunza kusimama, na tangu mvua zilipokatika mama alikuwa anamshikia mtoto huyo mpaka alasiri, bure, kwa kuwa hawezi kuona mwanamke anakwenda kuinama shambani kutwa nzima na mtoto mgongoni. Mama alipoumwa akawa analala naye kitandani, chumba kile kile, na gunia lile lile dirishani.

Sote tulijua. Kila Jumamosi nilimwona mtoto yule kifuani kwa mama kwa macho yangu mawili. Niliposimama na mwiko mkononi nikigundua kwamba binti yangu amesahauliwa, mtoto yule hakunijia hata akilini. Alikuwa na chungu cha mama yake.

"Huyo ndiye ningeanza naye kabla ya wote," tabibu akasema. "Mtoto mdogo vile, ugonjwa ukimwanza hausubiri. Nitamtuma mhudumu wa afya wa mtaa aende kwao."

"Usimtume mtu," nikasema. "Nitamwambia mwenyewe."

Akaniamini. Kwa nini asiniamini? Nilikuwa mwanamke niliyegoma kuondoka kitini.

Binti yangu alimeza kidonge chake cha kwanza siku ile ile, kwa uji. Mama nilimweleza jioni yake aliyosema mjukuu na aliyojibu tabibu. Alisikiliza, akaniuliza nitamwambia lini mpangaji. Nikasema kesho.

Kaka alipiga simu kesho yake asubuhi. Sijui nani alimpa habari, labda mama mdogo. "Ukimwambia mpangaji atahama," akasema, "na atahama na mdomo wake. Mtaa mzima utajua. Mtoto si wetu. Mavuno ya zabibu yakiisha atarudi kwao, na mambo haya yataisha." Nikamwambia ni aibu kuzaliwa naye tumbo moja, nikakata simu. Nilijisikia shujaa kwa muda wa kama nusu saa.

Halafu nikafanya kama alivyosema. Siku ile mpangaji alirudi amechoka, nikaona nimwache apumzike. Siku ya pili alikuwa na wageni. Ilipofika Ijumaa nilisema ni Ijumaa, mambo mengi. Kila asubuhi nilimpa binti yangu kidonge chake nyuma ya pazia, na kila asubuhi nilisikia mlango wa mama ukigongwa na mtoto wa mwenzangu akipokelewa. Najua mtu atasema kwamba kwa wakati ule mama alikuwa ameshatumia dawa wiki za kutosha na hakuwa tena wa kuambukiza. Ni kweli, tabibu alisema hivyo. Lakini miezi iliyotangulia haikufutika kwa sababu hiyo. Nilimtukana kaka yangu, kisha nikamtii. Ningependa kuandika kwamba nilifanya lingine, na sitaandika, kwa sababu silo nililofanya.

Jumatano ya wiki iliyofuata mpangaji akaja mlangoni kwa mama kama kawaida, mtoto mkononi, amejitanda khanga kwa baridi. Mimi nilikuwa uani nawasha jiko la mkaa. Mama akafungua. Mtoto akamnyooshea mikono. Mama hakunyoosha yake.

"Leo simpokei," akasema, "mpaka binti yangu akwambie neno alilonalo."

Akanitazama kupita bega la yule mwanamke. Alikuwa ameshaanza kunenepa, amesimama wima mlangoni, na nilijua kwamba hatahama pale mpaka niseme. Watu husema ukorofi nimeutoa kwa baba. Wanakosea.

Nikasema. Nilianza na ugonjwa wa mama, nikaja kwenye wadudu wanaolala, nikaja kwenye alichosema tabibu juu ya watoto wadogo. Gari la vibarua likapiga honi barabarani, mara moja, mara mbili. Mpangaji hakugeuka. Honi ya tatu ikapigwa, kisha gari likaondoka. Nilipomaliza hakunitukana wala hakulia. Alimtazama mama, akamwambia, "Ahsante mama," kwa sauti ya kawaida kabisa. Kisha akamfunga mtoto mgongoni na kuniambia mimi, "Twende."

Tulikwenda kwa miguu. Zahanati tukakaa benchi moja. Tabibu alimpima mtoto uzito, akamsikiliza kifua mbele na nyuma, akamuuliza mama yake maswali yote, safari hii akianza na la kulala. Akatuandikia picha, tukaenda kuipiga, tukarudi mchana jua likiwa kali na mtoto amechoka kulia. Akaisoma dirishani. Akasema kifua kiko safi, uzito unapanda, mtoto ataanza kinga leo, dawa ya kuyeyusha kwenye maji, na arudishwe kila mwezi. Nilishusha pumzi mpaka benchi likalia.

Kaka alishapiga simu mara nne. Sikupokea. Nilikuwa najiandaa kichwani maneno ya kumwambia jioni, maneno mazuri, ya mtu aliyeshinda.

Tabibu akachanganya dozi ya kwanza kwenye kikombe kidogo. Mpangaji akamnywesha mtoto kwa kijiko, taratibu, akifuta kidevu kila tone lilipomwagika. Kikombe kilipoisha alikitua mezani, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akanigeukia.

"Dada, na wako alianza lini?"

Tabibu naye akainua uso kutoka kwenye daftari.

Nikamtajia siku yenyewe, ile Jumatatu. Akafumbua kiganja, akaanza kuzihesabu kwa vidole mbele yetu, siku moja baada ya nyingine, bila haraka, mkono wa kwanza ukaisha akaingia wa pili, na alipofika tisa akasimama.